Tulimfungia shosho nyumbani tukaita usalama

Jumanne moja ya Aprili 2021, saa tatu asubuhi, shosho wangu alikuwa amekalia X.

Namaanisha zile X za rangi nyekundu zilizochorwa wakati wa corona kwenye mabenchi ya hospitali kuonyesha mahali ambapo hukupaswa kukaa. Benchi hilo lilikuwa la watu watano kabla ya corona, likapigwa X mbili likawa la watu watatu, na asubuhi hiyo tulikuwa saba juu yake, na wengine wamesimama wameegemea ukuta. Ni nje ya chumba cha fizio katika hospitali moja hapa Nakuru. Sitaitaja kwa sababu wiki iliyofuata tulikuwa tunarudi huko huko. Sote tulikuwa tumeandikiwa wakati uleule kwenye kadi, saa mbili na nusu. Ukienda kuuliza unaambiwa, "Ngojea jina lako." Dirisha la korido lilikuwa limefungwa kwa sababu mvua ilinyesha usiku na baridi ilikuwa imeshika. Barakoa ya shosho ilikuwa imelowa upande mmoja.

Kama hujawahi kukaa na mtu aliyepigwa na kiharusi, hilo la barakoa kulowa linaweza kukupita. Kiharusi kilimshika shosho Novemba 2020, upande wa kulia. Mdomo ukashuka. Umerudi kiasi, sasa anaongea na hata kutukana anatukana vizuri tu, lakini mate bado yanamtoka bila yeye kujua. Kitambaa kikilowa, hewa haipiti, anaanza kuhema, anakivuta hadi kidevuni. Hapo askari wa mlangoni anamwona. "Shosho, maski!" Anaipandisha. Baada ya dakika mbili iko kidevuni tena.

Halafu kuna hii stori ya kunawa mikono. Sekunde 20, sugua viganja, sugua katikati ya vidole. Shosho ana mkono mmoja unaomtii. Ule wa kulia umejikunja ngumi, na kuufungua unahitaji mtu mwingine, maji ya vuguvugu na subira. Ukiufungua unakuta kiganja kimeloa jasho na kucha zimeacha alama. Mwaka mzima tulionyeshwa matangazo ya kunawa mikono kwa TV, na sikuona hata moja la mtu asiyeweza kufungua ngumi yake mwenyewe. Pale mlangoni kuna ndoo ya maji na sabuni. Kila mtu ananawa na kupita. Shosho ananawa mkono mmoja na kupita. Ule ambao mtaalamu ataushika kwa nusu saa nzima ndio ambao haukunawa.

Wacha niseme mapema kwamba mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu hapo ninaishi kwa kuandikia watu mitandaoni. Kwa hivyo nina muda. Mathe anauza nguo za mitumba na hawezi kufunga kibanda mara mbili kwa wiki. Dada yangu yuko Mombasa. Kazi ya kumpeleka shosho kliniki iliniangukia mimi, na nimeifanya vya kutosha kuwa na maoni.

Maoni yangu ni haya. Tangu Machi 2020, usalama wa mgonjwa ulikuwa umegeuzwa kuwa shughuli ya mgonjwa peke yake. Avae, anawe, asogee, akae nyumbani. Na hilo la kukaa nyumbani, ambalo linaonekana kuwa salama kuliko yote, ndilo lililotuumiza sisi zaidi.

Unakumbuka Desemba 2020. Tarehe 7 wauguzi na maafisa wa kliniki waliingia kwenye mgomo, madaktari wakawafuata tarehe 21. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wanadai vifaa vya kujikinga na bima ya afya wakati wenzao wanazikwa. Mwezi huohuo alifariki Daktari Stephen Mogusu, aliyekuwa akifanya kazi Machakos, akiwa na miaka 28. Hilo ni rika letu. Kila nikimwona mtaalamu wa fizio akiinama juu ya shosho, uso kwa uso, namfikiria Mogusu, kwa sababu pale kitandani hatari haina upande mmoja.

Lakini mgomo ulipoanza, shosho alikuwa amehudhuria fizio mara tatu tu. Sehemu za kibinafsi zilikuwa wazi ingawa bei ni nyingine. Mathe akasema, "Wacha tumkalishe nyumbani kwanza. Huko nje ni corona, na huyu ana miaka 71." Mimi nikasema ni sawa. Nilisema ni sawa haraka sana, nakiri, kwa sababu ilimaanisha nalala hadi saa nne. Tukamwekea kiti karibu na dirisha, redio, blanketi. Hakuna mgeni aliyeingia. Tulijisifu. Tukapita Krismasi, tukapita Januari, mgomo ukaisha, na bado tukasema tungoje kidogo.

Tuliporudi, mwanzoni mwa Machi, alitupokea dada mmoja mtaalamu ambaye sidhani amenizidi miaka mitatu. Aliushika ule mkono wa kulia akauinua polepole. Ulifika usawa wa kifua ukakataa. Akajaribu kidogo tena, na shosho akalia. Sijawahi kumwona shosho akilia. Hata siku tulipomzika babu hakulia, alikuwa anahesabu sahani.

Yule dada hakutufokea. Alisema tu, "Desemba mkono huu ulikuwa unapanda." Halafu akanieleza jambo ambalo ningependa mtu angenieleza Novemba. Baada ya kiharusi, miezi ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza upya kwa kasi, na kasi hiyo hupungua muda unavyosonga. Kiungo kisichochezwa hakibaki vile kilivyokuwa kikikungoja. Misuli hufupika, bega hukaza na kuanza kuuma, na kwa sababu linauma mgonjwa hataki liguswe, na kwa sababu haliguswi linakaza zaidi. Fizio si kama harusi, kwamba utaiahirisha hadi hali ya nchi itulie na utakuta ukumbi bado upo.

Tulimlinda na virusi, sawa. Bega likaenda.

Na hatuko peke yetu. Kwenye lile benchi kuna mzee aliyevunjika nyonga akaambiwa na watoto wake asitoke. Sasa anatembea akiburuta mguu. Kuna kijana wa boda aliyewekwa vyuma vya paja baada ya ajali. Alikosa kliniki miezi miwili kwa kuogopa kupelekwa karantini, maana mwaka 2020 stori za karantini zilitisha watu kuliko ugonjwa wenyewe. Goti lake halikunji vizuri. Boda bila goti ni pikipiki ya kuuza. Kuna mama mwenye mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa karibu kuanza kusimama. Sitaendelea na huyo.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi corona ni mchezo na sisemi turudi kujazana. Chumba cha fizio ni moja ya sehemu ngumu kabisa kukaa salama, na ni vizuri tuseme kwa nini, badala ya kubandika tu karatasi ya "jikinge" ukutani. Kwa daktari wa kawaida unakaa dakika kumi, meza iko katikati yenu, anaandika, unaondoka. Kwa fizio unakaa nusu saa au dakika arubaini na tano. Mtu anakushika. Uso wake uko juu ya wako. Unafanya mazoezi, unahema, na mtu anayehema anatoa hewa nyingi kuliko anayenyamaza. Chumba chenyewe ni kidogo, kina mapazia ya kutenganisha vitanda, na mapazia yanazuia macho ila hewa inazunguka tu hapo ndani. Mkeka ni mmoja, mpira ni mmoja, vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea kila mtu anavishika kwa mikono yote miwili. Hakuna fizio ya mita moja na nusu. Ukiondoa kushikwa, umeondoa tiba yenyewe.

Kwa hivyo umbali ukikosekana ndani, lazima ulipwe mahali pengine. Kwa dirisha, kwa muda na kwa idadi ya watu. Na hapo ndipo nina ugomvi, kwa sababu hizo tatu haziko mikononi mwa shosho. Hawezi kuinuka akafungua dirisha la korido.

Kinyozi wangu pale Free Area hajasomea usimamizi wa hospitali. Lakini tangu 2020 alikuwa akipanga watu kwenye WhatsApp. Uliambiwa, "Wewe saa tano na nusu, ukifika kama kuna mtu ngoja nje." Alikuwa na viti viwili na alitumia kimoja. Mlango ulikuwa wazi hata vumbi la barabara likiingia. Hakupewa semina wala bajeti na mtu yeyote. Aliogopa tu kufungiwa biashara, akafikiri.

Mbona chumba cha tiba kishindwe? Watu saba walioandikiwa saa mbili na nusu wangeweza kuandikiwa wawili saa mbili na nusu, wawili saa tatu na robo, na kuendelea hivyo. Kalamu ni ileile na kadi ni ileile. Nimeuliza kwa nini haifanyiki, na jibu nililopata lina ukweli ndani yake. Watu wa mbali walifika asubuhi na mapema kwa sababu walitaka kurudi kwao kabla ya kafyu ya saa mbili usiku iliyokuwepo wakati huo, na ukimwambia mtu aje saa saba mchana hakuamini, alifikiri umemfukuza. Sawa. Basi hao wa mbali wapewe asubuhi, na sisi wa Free Area na Section 58 na Kaptembwo tupewe mchana. Tuko hapa hapa. Tutakuja.

Kuhusu mahali pa kungoja, pale nje kuna uwanja wenye mti. Nitaambiwa ni Aprili, mvua. Sawa, lakini angalia mji huu ulivyokuwa Aprili 2021: mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, hema za sherehe zilikuwa zimekunjwa kwenye stoo za watu tangu Machi, wenye kuzikodisha walikuwa wakilia njaa. Hema moja na viti kumi vilivyotawanywa. Korido ibaki ya kupita.

Nikitaja watu wa mbali, lazima niseme jambo kuhusu ramani. Machi 26, 2021 Rais alipofunga kaunti tano, Nakuru iliwekwa kwenye kundi moja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Maana yake ilikuwa hii. Mimi niliweza kupanda gari hadi Nairobi, ambako corona ilikuwa imejaa, nikarudi jioni bila kuulizwa, maana tulikuwa ndani ya uzio mmoja. Lakini mama wa Ol Kalou, ambaye Nakuru ndiyo hospitali yake kubwa ya karibu kupitia Dundori, alikuwa nje ya uzio. Vivyo hivyo mtu wa Mogotio na Eldama Ravine, na mtu wa Londiani. Hii Nakuru haijawahi kuwa ya watu wa Nakuru peke yao. Ni hospitali ya Bonde la Ufa la kati lote, na jina la zamani la Level 5 lilikuwa likisema hivyo wazi, hospitali ya mkoa. Mama mmoja wa Ol Kalou ambaye tulizoea kumkuta kila Jumanne, mwenye mkono uliovunjika kifundo, hatukumwona baada ya uzio kuwekwa. Hata kama polisi wa kizuizini angemhurumia akipunga kadi ya kliniki, matatu ya kwao haikuvuka, na kutembea kutoka mpakani na plasta mkononi si jambo la kumwambia mtu. Sijui nani alikaa chini akafikiria kadi za kliniki wakati uzio ulipokuwa ukichorwa.

Wengine watasema suluhisho ni simu. Nimesoma kwamba huko Uingereza wataalamu wengi walihamia kwenye video mwaka 2020. Tumejaribu. Yule dada alikubali tumpigie video ya WhatsApp mara moja kwa wiki, na naapa imesaidia, lakini kwa upande mmoja tu. Anaweza kuona kama ninamfanyisha shosho vibaya. Aliona mara ya kwanza tu kwamba nilikuwa namvuta mkono kwa kifundo, akapiga kelele kwenye simu, "Usivute! Shika kiwiko, beba bega!" Hiyo peke yake ililipia bando. Ila simu haiwezi kuhisi msuli umekaza kiasi gani. Na shosho anamwona dada kwenye skrini anafikiri ni taarifa ya habari, anamjibu kwa heshima halafu hafanyi zoezi. Video ni ya kupunguza safari, kutoka mbili hadi moja kwa wiki. Haijafuta safari.

Kwa wenye pesa kuna mtaalamu wa kuja nyumbani. Tuliyempata alitaka 1,500 kwa ziara moja. Mara mbili kwa wiki ni thao tatu, kwa mwezi ni thao kumi na mbili. Kodi yetu haifiki hapo. Nikikutana na mtu anayesema "si umwite tu aje nyumbani", namuuliza anaishi mtaa gani.

Kuna historia moja hapa ambayo huwa inanishangaza. Hii taaluma ya fizio ilikua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya magonjwa ya mlipuko na vita. Polio ilipopita huko Marekani, Australia na Ulaya, iliacha watoto wengi wenye viungo vilivyolegea, na kukatokea haja ya watu wa kuvinyoosha na kuvifundisha upya. Hata hapa Kenya, chama cha APDK cha kusaidia watu wenye ulemavu wa viungo kilianzishwa mwaka 1958, enzi ambazo polio ilikuwa ikitembea. Yaani watu hawa wa kushika miguu ya watu walizaliwa ndani ya janga. Halafu janga hili likaja, na wao wakawekwa kwenye orodha ya mambo yanayoweza kusubiri. Na bado ndio waliowafundisha kupumua na kutembea wale waliotoka ICU na corona yenyewe.

Sasa nifike kwetu, mimi na wewe unayesoma hii kwenye simu. Sehemu hii sitaki kuiandika.

Jumamosi ya pili baada ya kaunti kufungwa, nilienda ploti ya msee mmoja Milimani. Baa zilikuwa zimefungwa, kafyu saa mbili, kwa hivyo ilikuwa ya kujifungia hadi alfajiri. Tulikuwa labda ishirini na tano kwenye sebule moja, madirisha yamefungwa ili muziki usisikike nje na makarao wasije. Fikiria hiyo. Tulifunga madirisha kimakusudi. Barakoa zilikuwa kwenye mifuko ya nyuma ya jinzi. Jumatatu koo lilianza kuwasha. Jumanne ilikuwa kliniki.

Niliwaza nini? Niliwaza ni vumbi. Nakuru ni vumbi, kila mtu hapa ana koo. Nikambeba shosho kumpandisha kwenye tuktuk, uso wangu shingoni mwake, nikamketisha kwenye lile benchi katikati ya wazee wengine, nikamshika mkono dakika arubaini wakati dada akimfanyisha. Niliona aibu kumwambia mathe kwamba nilikuwa kwa ploti. Hiyo ndiyo sababu nzima. Nilimpeleka kwa sababu ya aibu.

Usiku wa Jumatano homa ikapanda. Nililala chumba cha nje siku kumi na moja, chakula kikiachwa mlangoni kama cha mbwa mkali. Sikupimwa, kwa hivyo siwezi kukuapia ilikuwa nini. Shosho hakukohoa. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza ukutani kama anakohoa. Na katika siku hizo kumi na moja hakuna aliyemfanyisha mazoezi, kwa sababu mwenye kuyajua nilikuwa mimi.

Tangu hapo nimekoma kumlaumu askari wa mlangoni peke yake. Tulipenda kusema hospitali ni chafu, serikali ni mbovu, matatu zinajaza watu kumi na wanne badala ya wanane waliowekwa na sheria za wakati huo, na yote yalikuwa kweli. Lakini kitu cha hatari zaidi kilichoingia kwenye korido ile Jumanne hiyo labda kilikuwa mimi, na mimi nilipitia mlangoni nimevaa barakoa vizuri, nimenawa mikono miwili, joto la mwili sawa. Kile kifaa cha kupima joto kilinipitisha. Kadi ya kliniki ya mgonjwa kama shosho ina majina mawili, la kwake na la anayemsindikiza, hata kama la pili halijaandikwa. Ukiwa wewe ndiye unayemsindikiza mzee, Jumamosi yako si yako. Hilo linaudhi, najua. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, piga simu useme, "Leo hatuji, nina koo." Ilikuwa simu ya shilingi tatu.

Mambo mengine tuliyofanya siku hizo ni madogo na yanaweza kukufaa. Boda haitufai, maana sheria ni abiria mmoja na shosho hawezi kujishikilia bila mimi nyuma. Matatu ya Free Area nauli ilikuwa imepanda na bado walibana. Kwa hivyo tulichukua tuktuk peke yetu, wakati huo 250 kwenda, na upepo ulipita pande zote mbili, kitu ambacho matatu yenye madirisha ya kukwama haina. Ndoo ya mlangoni tumeachana nayo. Ule mkono wa kulia naufungua nyumbani, nauosha, nakausha katikati ya vidole, naweka kitambaa safi kilichokunjwa ndani ya kiganja ili usijifunge na jasho. Tukifika ndani natumia sanitaiza kidogo kabla dada hajaushika, na tena tukimaliza. Barakoa ni za kubadilisha, siyo moja ya siku nzima. Nikifika namwambia dada tuko hapa, halafu tunangoja nje hadi anipigie. Mwanzo nilidhani atakataa. Alifurahi. Kumbe hakuna aliyewahi kumwomba.

Na dirisha la chumba tunaliomba lifunguliwe. Shosho anafunikwa shuka miguuni.

Chanjo tumepata. Walipotangaza kwamba wenye miaka 58 na zaidi waende, mathe alikuwa amejazwa video za WhatsApp na akawa hataki. Shosho ndiye aliyeamua. Alisema amedungwa sindano za kila aina tangu enzi za Mzungu na hakuna iliyomwomba ruhusa. Alipofika akamnyooshea muuguzi bega la kulia, "Dunga huu, hauna kazi nyingine." Muuguzi akacheka akachagua wa kushoto. Dozi ya pili bado, na ya kwanza haifanyi kazi siku hiyohiyo, kwa hivyo hatujabadilisha chochote.

Mkono umepanda. Si sana. Juzi ulifika kidevuni. Lengo alilojiwekea mwenyewe, dada alipomuuliza anataka kufanya nini, halikuwa kutembea wala kupika. Anataka kujifunga kilemba mwenyewe, kwa sababu anasema mimi namfunga kama mtu anayefunga gunia la viazi. Kwa kilemba mikono yote miwili lazima ifike nyuma ya kichwa. Dada anasema labda Agosti, kama hatutakatiza tena.

Alhamisi tunarudi, saa tano, wakati ambapo benchi lina watu wawili. Kwenye mfuko nimeweka barakoa tatu: ya kwenda, ya kubadilisha ikilowa, na ya yule mzee wa nyonga, ambaye huja amejifunga leso puani kama mwizi wa benki na hakuna anayethubutu kumwambia.